Kombi Ulizokariri na Mtu Asiyesimama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mapigo ya Mfululizo

Hapa tumekusanya maswali yanayorudi kila mara katika ndondi, kikiboksi, karate na taekwondo hapa Mombasa, iwe mazoezi yenu ni ukumbini, uani kwa mtu au ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mifano yote inachukulia kwamba unasimama mguu wa kushoto mbele. Watu wa shoto wageuze, kisha wasome swali la 12.

## Misingi

1. Kombi ni nini, na zile nambari anazoita kocha ni za nini?

Kombi, au kombinesheni kwa jina lake refu, ni mapigo mawili au zaidi yaliyopangwa ili kila moja lilifungulie njia linalofuata. Mapigo matatu yasiyohusiana si kombi, hata yakirushwa haraka kiasi gani.

Nambari zinazotumika sana ni hizi: 1 ni jebu (ngumi ya mbele iliyonyooka), 2 ni ngumi ya nyuma iliyonyooka, 3 ni huki ya mbele (ile inayopinda kutoka pembeni), 4 ni huki ya nyuma, 5 ni apakati ya mbele (inayopanda kutoka chini) na 6 ni apakati ya nyuma. Pigo likielekezwa mwilini, kocha huongeza neno: "moja, mbili chini".

Si wote wanaohesabu hivyo. Cus D'Amato, kocha aliyemlea Mike Tyson, alikuwa na hesabu yake: kwake jebu ya kichwa ni 7, na 1 ni huki ya kushoto ya taya. Ukihamia klabu nyingine, uliza kwanza. Ukirusha 6 pale mshika pedi (anayevaa mito ya mkononi ya kupigiwa) anapongoja 3, vidole vyake ndivyo vitakavyokulipia.

2. Kombi za kukariri zinafanya kazi kweli kwenye sparingi (pambano la mazoezi na mwenzako)?

Zinafanya, kwa mapigo mawili au matatu. Baada ya hapo unacheza peke yako.

Sababu iko kwenye macho ya mwenzako. Mtu huhitaji takriban robo sekunde kuona kitu na kuanza kuitika. Pigo la kwanza humkuta alipo. La pili humkuta ndiyo kwanza anaanza kuondoka, kuinua mikono au kuinama. La tatu linapofika, ameshakuwa mahali pengine, kwa hiyo linafaa tu ikiwa lilichaguliwa kwa kufuata alikokwenda. Mcheza drafti barazani huja na ufunguzi wake kichwani, lakini hatua ya nne huamuliwa na aliyekaa upande wa pili.

Ndiyo maana utamwona mtu anapiga 1-2-3-2 safi kabisa, na mapigo mawili ya mwisho yanapita hewani mbele ya mtu aliyekwisha rudi nyuma hatua mbili. Kombi yenyewe haina kosa. Kosa ni kuimalizia kama mtu aliyeapa kuimaliza.

3. Basi kwa nini makocha wanatufundisha kombi za mapigo sita hadi manane?

Kwa ajili ya mwili. Kombi ndefu hufundisha nyonga kubadilisha upande bila kukwama, pumzi kutoka kwa kila pigo, na miguu kubaki chini yako hata mikono ikichoka. Humfundisha mtu pia asipige pigo moja akasimama kulitazama kama anayesubiri picha.

Faida ya pili ni kwamba kombi ndefu ni vipande vifupi vilivyoshonwa pamoja. Anayeijua vizuri 1-2-3-2-3 chini-3 juu ana 1-2, ana 2-3, ana 3-2, na ana huki mbili za upande mmoja. Ulingoni huchomoa kipande kimoja.

4. Nijue ngapi kabla ya kuanza sparingi?

Tatu zinatosha, kila moja ikiwa na mlango wa kutokea (swali la 7). Kwa bondia: 1-2, 1-2-3, na 1 ikifuatwa na 2 chini. Kwa mtu wa kikiboksi: badilisha ya tatu iwe 2-3 na teke la paja. Kwa mtu wa karate: kizami-zuki (ngumi ya mkono wa mbele) na gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma), gyaku-zuki ya mwili na mawashi-geri (teke la kuzunguka) ya mguu wa mbele, na moja unayoipenda mwenyewe.

Anayekuja na kombi kumi na tano siku ya kwanza hufikiria. Na anayefikiria ulingoni hupigwa.

## Ndani ya kombi

5. Kwa nini 1-2-3 inafundishwa kila mahali?

Kwa sababu kila pigo ndani yake lina kazi inayoonekana. Tuifungue polepole.

Jebu inatoka pamoja na hatua fupi ya mguu wa mbele, sentimita 10 hadi 15, bega likipanda kufunika kidevu. Kazi yake ni kumziba jicho, kukupimia umbali na kumlazimisha aamue jambo. Ikimgusa paji la uso tu, imeshamaliza kazi.

Ngumi ya nyuma inaondoka wakati jebu inarudi, si baada ya jebu kufika nyumbani. Mikono inapishana njiani. Kisigino cha kulia kinainuka na kugeukia nje, nyonga inafuata, bega linafuata nyonga, ngumi inakuja mwisho. Mbele ya mapigo mawili yaliyonyooka, watu wengi hubana mikono katikati ya uso.

Hapo ndipo huki inapopata kazi: mlango wa mbele umefungwa, nayo inapitia dirisha la pembeni. Kiwiko kiwe kimekunjwa karibu pembe mraba na kiwe usawa wa ngumi, mguu wa mbele ugeuke, mkono wa kulia ubaki shavuni.

Makosa tunayoyaona karibu kila jioni ni haya. Jebu inarudi kwa chini, inapita kifuani, na ngumi ya kulia ya mwenzako inapita juu yake. Mguu wa mbele haukupiga hatua, kwa hiyo ngumi ya nyuma inapungua, na mpigaji anajaribu kufidia kwa kuinama. Kipimo ni rahisi: kidevu chako kisivuke goti la mbele. Kosa la tatu ni huki ya mbali, inayorushwa kwa mkono ulionyooka kama mtu anayetupa wavu baharini. Huki ni pigo la karibu. Kama mwenzako amesharudi nyuma, iache.

6. Nitajuaje pigo gani linafuatana na lipi?

Fuata nyonga. Ngumi ya kulia iliyonyooka huzungusha mwili kwenda kushoto, na ukiwa umezunguka hivyo huki ya kushoto tayari imejaa. Huki ikitoka, mwili unarudi kulia, na sasa upande wa kulia ndio wenye nguvu, iwe ngumi au teke la paja. Hii ndiyo siri ya kikiboksi cha Kiholanzi, ambapo mikono humaliziwa kwa teke: 2-3-teke la paja la kulia huenda kama bawaba ya mlango.

Mapigo mawili ya upande mmoja yanawezekana, ila lazima mwili ujazwe tena katikati kwa kukunja goti kidogo na kurudisha nyonga. Tyson alijulikana kwa ngumi ya kulia ya mbavu ikifuatwa na apakati ya mkono uleule. Ya kwanza hushusha kiwiko cha mpinzani, na apakati hupita pale kiwiko kilipotoka. Bila kujaza nyonga, pigo la pili linakuwa la mkono mtupu.

Kanuni ya pili ni kubadilisha ghorofa. Juu-juu-chini, au chini-juu. Mtu aliyelinda kichwa amefungua mbavu, na kinyume chake.

7. Kombi imalizike vipi?

Kwa kuondoka. Tungekuwa na nafasi ya kurekebisha jambo moja tu kwa kila mwanafunzi, tungechagua hili. Wengi hupigwa sekunde ile baada ya kombi yao nzuri, wamesimama palepale wakiisikilizia.

Njia tatu: geuka kwa mguu wa mbele utoke kwenye mstari wake, rudi nyuma kwa jebu, yaani uondoke ukiwa umeacha mkono usoni pake, au ingia kabisa kifua kwa kifua na umbane mikono, kama sheria za mchezo wenu zinaruhusu. Kurudi nyuma moja kwa moja mikono ikiwa chini si njia. Fanyia mazoezi mlango huo kila unapofanyia kombi, hata kwenye begi la kupigia, mpaka 1-2-3-geuka iwe neno moja.

8. Kombi zangu zote anazisoma. Kwa nini?

Mara nyingi ni mdundo. Unapiga ta-ta-ta, kila pigo umbali uleule wa wakati, na sikio la mwenzako limeshauzoea. Aliyewahi kutazama kirumbizi anajua kwamba fimbo huenda na ngoma, na pigo linalomkuta mtu ni lile lililokuja nje ya mdundo.

Vunja mdundo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchelewesha: 1-2, nusu pumzi, 3. Katika ile nusu pumzi mwenzako huanza kushusha mikono, au huanza kujibu akiwa wazi. Ya pili ni hadaa: mguu na bega vinaondoka kama jebu, mkono haufiki. Akiitika, umemwona anavyoitika, na kombi yako halisi inafuata. Ila hadaa haifai mpaka jebu yako halisi imemgusa mara mbili tatu. Mtu haogopi kitu ambacho hakijawahi kumfikia.

Pia jiangalie mwenyewe kwenye kioo au kwenye simu. Kuna wanaovuta ngumi nyuma kabla ya kupiga, wanaokaza midomo, wanaotazama mbavu kabla ya kuzipiga. Hayo ni mabango ya barabarani.

## Mazoezi

9. Kombi mpya ichukue njia gani mpaka iingie sparingi?

Njia ambayo tumeona inashika ni hii, kwa mtu anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki.

Wiki ya kwanza, piga hewa: raundi tatu za dakika 2, ya kwanza kwa mwendo wa kobe. Kisha pedi, raundi mbili, mshika pedi akiita kombi ileile tu. Usiongeze kasi mpaka miguu iwe sawa.

Wiki ya pili, mshika pedi aanze kusogea. Apige hatua nyuma mara moja kila anapojisikia, na wewe ukamatwe kama ulirusha pigo la tatu hewani. Mara nyingine arudishe pedi kichwani kwako baada ya kombi, kukukumbusha mlango wa kutokea.

Wiki ya tatu ndiyo yenye thamani, na ndiyo inayorukwa. Mwenzako anavaa glavu, anajua kombi inakuja, na anachagua jibu moja kati ya mawili: abane mikono juu au arudi nyuma. Wewe unapiga 1-2 kwa nguvu ndogo, unatazama, na pigo la tatu linategemea ulichokiona: akibana, piga huki ya mbavu; akirudi, piga hatua na ngumi ya nyuma tena, au simama. Raundi nne za dakika 2, mkibadilishana. Siku inayofuata ongeza jibu la tatu, kuinama, ambalo pigo lake ni apakati. Hapo kombi imepata matawi.

Wiki ya nne ni sparingi ya masharti: mmoja anashambulia kwa kombi hiyo tu, mwingine anajilinda na kujibu kwa jebu tu. Kisha sparingi huru, na usihesabu mara ulizoipiga. Hesabu mara ulizoiona nafasi yake.

10. Kwenye pedi niko moto, kwenye sparingi hakuna kitu. Tatizo ni langu?

Nusu ni lako, nusu ni la mshika pedi.

Mshika pedi mbaya huipeleka pedi kukutana na ngumi. Mlio unakuwa mtamu, pa! pa!, na wote mnafurahi, lakini umejifunza umbali wa uongo. Siku ya sparingi ngumi zako zote zinaishia kiganja kimoja mbele ya pua ya mtu. Pedi ikae karibu na uso wa mshikaji, mbele yake kidogo tu, na imsubiri mpigaji. Wakati wa kugusana ndipo ikazwe.

Kosa la pili ni pedi za huki kushikwa nje ya mabega. Kichwa cha mtu hakina upana huo. Pedi ya 3 iwe pale shavu lilipo, imegeukia ndani.

Nusu yako ni hii: kwenye pedi unangoja sauti, na kwenye sparingi hakuna anayekuita. Mwombe mshikaji anyamaze. Aoneshe pedi tu, pigo moja au mawili au hakuna, nawe upige unachokiona. Kisha rudi kwenye wiki ya tatu ya swali la 9.

11. Na begi la mchanga, na mazoezi ya ufukweni?

Begi ni zuri kwa nguvu na pumzi, baya kwa kusoma mtu, kwa sababu halirudi nyuma kukukwepa wala halikujibu. Funga bendeji kila mara, hasa begi lililojazwa mchanga mtupu, ambao hushuka na kuganda chini kama saruji. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na begi la namna hiyo halitofautiani sana na ukuta. Juu lijaze vitambaa, na mchanga uwe kidogo katikati.

Ufukweni, chagua mchanga mgumu wenye unyevu ulioachwa na maji kupwa. Kwenye mchanga mkavu wayo unazama na hautaki kugeuka, kwa hiyo huki na mawashi huachia mzunguko wote kwenye goti. Mkavu ufanyieni mbio na kuruka. Na mtazame vioo na miba ya samaki kabla ya kuvua viatu.

## Mpinzani wa aina aina

12. Napigana na mtu wa shoto. Kombi zangu zote zimekufa.

Mikono yenu ya mbele inagongana, kwa hiyo jebu haina raha. Weka mguu wako wa kushoto nje ya mguu wake wa mbele. Hapo ngumi yako ya kulia inaona njia iliyonyooka katikati yake. Anza na 2 badala ya 1, kisha 2-3-2, au 2 ikifuatwa na teke la kulia la mwili, ambalo kwake linakuta upande ulio wazi. Yeye pia anaugombania huo mguu wa nje, na anaufanyia mazoezi na kila mtu, wakati wewe hukutana naye mara moja kwa mwezi. Kwa mtu wa shoto mwenyewe, haya yote ni kinyume, na faida ni yenu.

13. Mwenzangu ni mrefu, sifiki.

Usianze kombi ukiwa mbali. Ingia kwanza kwa hadaa, au kwa kukwepa jebu yake kichwa kikienda nje, kisha kombi yako ianzie mwilini: 2 chini, 3 juu. Mtu mrefu mara nyingi hujilinda kwa kuvuta kichwa nyuma, na mbavu haziwezi kuvutwa nyuma. Ukishafika, baki mapigo matatu hivi, kisha utoke kwa pembeni. Ukitoka kwa kurudi nyuma utapita tena kwenye mikono yake yote.

14. Yeye ndiye ananirushia kombi. Nifanyeje katikati ya mvua?

Usisubiri imalizike. Kombi nyingi hukatika kwenye pigo la pili: zuia jebu kwa kiganja cha kulia, na ngumi yake ya nyuma inapoondoka, geuka kwa mguu wa mbele kwenda kushoto kwako na umguse kwa jebu. Kuguswa kunatosha kumvuruga. Akiwa na desturi ya kombi moja, na wengi wanayo, hesabu: akipenda 1-2-3, pigo lako liko kati ya 2 na 3, pale mkono wake wa kulia unaporudi kwa uvivu.

Kosa ni kufunga macho na kubana mikono mpaka atosheke. Atatosheka na wewe umeshachoka.

## Sheria za mchezo wako

15. Kombi ya ndondi nitaitumia kwenye karate au taekwondo?

Vipande vyake, ndiyo. Lakini sheria hubadilisha kinachofaa.

Katika kumite (mapambano ya karate) ya WKF, shirikisho la karate la dunia, ngumi ni yuko, pointi 1. Teke la mwili ni waza-ari, pointi 2. Teke la kichwa, au pigo safi kwa aliyeangushwa, ni ippon, pointi 3. Refa husema "yame" (simama) pointi ikipatikana, na anayetangulia kwa pointi 8 ameshinda. Kwa hiyo kombi ni fupi na kali: kizami na gyaku, kisha rudisha mkono na ubaki macho, kwa maana pigo lisilodhibitiwa usoni hukuletea onyo badala ya pointi. Kombi ya mapigo matano hapo ni kujichosha.

Katika taekwondo ya WT, shirikisho la taekwondo la dunia, ngumi huruhusiwa kiwiliwilini tu, pointi 1, na usoni ni marufuku. Kombi hujengwa kwa miguu: mguu wa mbele unamzuia mtu kwa kumsukuma, unashuka, na teke la pili la mguu uleule linapanda kichwani. Mikono ya ndondi itakupa adhabu.

Muay thai huthamini mateke na magoti, kwa hiyo malizia kombi ya mikono kwa mguu.

16. Kata (mifululizo ya mbinu za karate inayokaririwa) si ndizo kombi za zamani? Nizitumie kwenye sparingi?

Kata ni hazina ya mbinu, lakini mpangilio wake ni wa kufundishia na kutunza, na hakuna mpinzani atakayekufuata hatua ishirini. Chukua mbinu mbili zinazofuatana ndani ya kata, kwa mfano kuzuia chini na kusonga mbele kwa ngumi mwanzoni mwa kata ya Heian Shodan, uzipitishe kwenye wiki nne za swali la 9.

Mazoezi kama gohon kumite, ambapo mmoja anasonga hatua tano na mwingine anarudi na kujibu mwishoni, yana faida kwa umbali na kwa kutopepesa macho. Yakibaki hapohapo miaka mitatu, yanazalisha mtu anayengoja zamu yake ya kupiga.

## Usalama na mambo ya pembeni

17. Nguvu kiasi gani, na vifaa gani?

Mazoezi ya kombi ya wawili: robo ya nguvu. Sparingi ya kawaida: nusu kichwani, zaidi kidogo mwilini mkikubaliana. Glavu za sparingi ziwe zile zilizoandikwa 16 oz, au 14 kwa wepesi. Za begi zilizokwisha bonyea zibaki kwenye begi. Kinga ya meno ni lazima, kinga za ugoko kwa wanaopiga mateke, na kinga ya sehemu za siri. Kofia hupunguza kuchanika na uvimbe. Haizuii ubongo kutikisika, kwa hiyo isiwe ruhusa ya kuumizana.

Na mfute sakafu. Kwa joto la Mombasa kati ya Januari na Machi jasho hujaa kwenye mati baada ya raundi mbili, na teke la kuzunguka kwenye jasho ni goti kuumia.

18. Nimepigwa kombi nikaona nyota. Naendelea?

Hapana. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau raundi ilivyokwenda, mwanga kuuma macho: lolote kati ya hayo, siku hiyo imekwisha hata ukijisikia nafuu baada ya dakika kumi. Nenda hospitali upesi ukitapika mara kwa mara, ukizidiwa na usingizi, ukichanganyikiwa au ukipoteza fahamu, na usirudi nyumbani peke yako kwa bodaboda. Katika ndondi za ridhaa aliyeangushwa kwa mapigo ya kichwa husimamishwa siku 30 angalau. Ukumbini hakuna sababu ya kuwa wakali pungufu ya hapo.

19. Watoto wafundishwe kombi?

Wafundishwe, kwenye pedi na hewani, na wanapenda. Kugusana kuwe kwa mwili tu, kichwa marufuku, na mapigo mawili yanatosha.

20. Ramadhani tunafanyaje?

Kabla ya futari fanyeni kazi ya miguu na kupiga hewa, dakika 30 hadi 40, mkimaliza karibu na adhana ya Magharibi. Sparingi iwekwe baada ya tarawehe, saa mbili angalau baada ya chakula kizito, mkiwa mmekunywa maji. Mwili uliokauka hushusha mikono mapema, na kombi ya mtu aliyeshusha mikono ni mwaliko kwa mwenzake.

21. Na barabarani?

Kombi iliyo bora huko ni miguu kuondoka. Ikibidi, 1-2 na kukimbia. Hakuna glavu, na huki inayotua kwa vifundo viwili vya mwisho huvunja mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo, hata kwa watu waliofunzwa. Kiganja kilichofunguliwa ni salama zaidi kwa mkono wako.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatambua kujitetea, kwa nguvu inayolingana na hatari. Kifungu cha 251, kuhusu kumshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili, kinafika kifungo cha miaka 5. Ngumi mbili za kujiokoa kwenye kituo cha matatu zinaelezeka mbele ya hakimu. Ya tatu, ya nne na teke juu ya mtu aliyekwisha anguka ni kesi nyingine.